Kwa nini mavyaa ndiye anayepika katika Unstoppable High Kick
Umeuliza kwa nini katika Unstoppable High Kick, tamthilia ya vichekesho iliyorushwa na MBC ya Korea Kusini kati ya 2006 na 2007, bibi Na Moon-hee hunung'unika kila anapomwona mkaza mwana wake, ilhali hajatukanwa. Kwa desturi ya Korea, mke wa mtoto wa kiume alitarajiwa kuhamia kwa wakwe, kupika na kumtii mavyaa wake. Lakini hapa mambo yamepinduliwa, kwa kuwa mkaza mwana huyo, Park Hae-mi, ni tabibu anayetegemewa katika kliniki ya familia, mumewe Joon-ha hana ajira na hushinda nyumbani akifuatilia bei za hisa, na bibi ndiye anayebaki na masufuria. Mwenye ukubwa hana sauti, na aliyepaswa kunyenyekea ndiye mwenye pesa. Kwangu mimi, ucheshi bora umo hapo kuliko katika visa vya mapenzi vya walimu, ambavyo, kusema kweli, vimerefushwa mno. Usishangae pia kwamba babu anaitwa Lee Soon-jae, kwani wahusika wengi wamepewa majina ya waigizaji wenyewe.