Maswali ya Wasomaji: Neno "dreich"

SWALI: Mhariri, ninaishi Glasgow. Kila asubuhi ya manyunyu, mama jirani hutazama juu na kusema "dreich". Lina maana gani, nami naweza kulitumia?

JIBU: Ndugu msomaji, hilo ni neno la Kiskoti, nalo hutamkwa "drikh", kwa kh ile ile inayofunga neno "sheikh", ukilimaliza kwa k tupu, jirani atatambua mara moja kuwa u mgeni. Siku hizi huelezea hasa hali ya hewa: wingu la kijivu lililoshuka hadi juu ya mapaa, baridi yenye unyevu, na manyunyu ambayo hayakatiki wala hayageuki mvua kamili. Mvua ya radi, hata iwe kali namna gani, haiitwi hivyo, kwa kuwa kiini cha neno ni kuchosha kwa kudumu. Maana ya kale ni jambo refu lisiloisha, ndiyo sababu hata mahubiri marefu na makavu huitwa "dreich", na zamani mdaiwa mzito wa kulipa aliitwa hivyo pia, matumizi ambayo mimi binafsi nasikitika kwamba yamefifia. Kesho kukinyunya, mtangulie jirani kulisema.