Mtanie, ila aanze yeye

Dada, umeuliza kama ni vibaya kumtania mama, wiki ya sita amelazwa Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam, mbali na Tabora. Si vibaya, ila mwache aanze yeye. Akiucheka upara wake, cheka naye.

Mimi doksorubisini, ile dripu nyekundu ya kutibu saratani, ilinifanya nikojoe mkojo mwekundu. Nesi akasema ni kawaida, ni rangi ya dawa. Kitanda cha pili alilala bibi wa Kizaramo, na sisi Wanyamwezi ni watani wao. Akanigeukia: "Yaani juisi ya rozela umekunywa peke yako, mchoyo wewe!" Nilicheka hadi dripu ikayumba.

Siku ya kutapika, au vidonda vya mdomoni, nyamaza tu. Kucheka kunauma kweli.