Ndani ya IDE inajibu, nje haijibu: maswali yenu kuhusu huduma za wavuti

Safari hii maswali mengi yamekuja kuhusu kutengeneza huduma za wavuti na kuzipandisha kwenye seva, na ukiyasoma yote unaona shida ni ileile, IDE (programu ya kuandikia na kuendeshea kodi, kama Eclipse) ina kitufe kimoja kinachofanya mambo chungu nzima kimyakimya, sasa mtu akitoka nje ya IDE ndo anagundua hajui nini kilikuwa kinaendelea. Nimechukua machache, na la kwanza nalijibu kwa urefu maana wengi mmeuliza hilohilo kwa maneno tofauti.

Habari mtaalamu. Nimeandika huduma kwa Java kwenye Eclipse, nikibofya Run on Server inajibu safi kabisa. Lakini nikiingia kwenye folda ya webapps ya Tomcat (seva inayoendesha programu za wavuti za Java) sioni kitu, na nikifunga Eclipse huduma nayo inakufa. Halafu nikifungua localhost:8080 peke yake napata 404 (yaani hakuna kilichopatikana kwenye anwani hiyo) wakati nilipowasha Tomcat mwenyewe nilikuwa naona ule ukurasa wake wa kukaribisha. Nimeharibu wapi?

Hujaharibu popote ndugu yangu. Eclipse ikiwasha Tomcat kwa mipangilio yake ya kawaida haigusi kabisa ile folda ya webapps unayoijua wewe, inajitengenezea sehemu yake ndani ya workspace (folda yake ya kazi), kwenye .metadata, halafu .plugins, halafu org.eclipse.wst.server.core, humo utakuta tmp0 na ndani yake wtpwebapps. Nenda kaangalie sasa hivi, huduma yako iko humo. Na ule ukurasa wa kukaribisha ni programu inayokaa kwenye webapps ya Tomcat yenyewe, Eclipse haikuihamisha, kwahiyo hiyo 404 wala isikutishe, inamaanisha seva iko hai ila hapo kwenye mzizi hakuna kitu cha kuonyesha. Seva ikiwa imezimwa hupati 404, brauza inakwambia muunganisho umekataliwa. Hizo mbili zitofautishe mapema, zitakuokolea muda mwingi sana.

Kuna namna ya kuiambia Eclipse itumie folda ya Tomcat yenyewe (bofya seva mara mbili kwenye kichupo cha Servers, utaona Server Locations, na kama imegoma kubadilika toa kwanza programu zote kwenye hiyo seva uifanyie Clean), ila kwa maoni yangu usihangaike nayo. Kinachoenda kwenye seva ya kweli ni faili la WAR, yaani programu yako nzima imefungwa kwenye faili moja, kwahiyo jifunze kulitengeneza na kulibeba mwenyewe. Kama mradi wako unatumia Maven (chombo cha kujenga mradi na kukusanya laibrari zake), funga Eclipse kabisa, fungua teminali, ingia kwenye folda ya mradi uandike mvn clean package, ikimaliza angalia ndani ya folda inayoitwa target. Ikigoma hapo wakati ndani ya Eclipse ilikuwa inakubali, basi umeshajua ugonjwa, mara nyingi ni jar (faili la laibrari ya Java) uliyoiongeza kwa mkono kwenye Build Path ya Eclipse na haipo kwenye pom.xml, faili la mipangilio ya Maven, Eclipse inaijua ila Maven haijui, na seva ndo haitaijua kabisa. Bora uligundue hilo kwenye laptopu yako kuliko kwenye seva ya watu.

WAR ikishapatikana kopi uiweke kwenye webapps ya Tomcat, itajifungua yenyewe. Hapa sasa wengi wanapotea, jina la faili ndo linakuwa njia kwenye anwani. Faili likiitwa oda.war huduma inapatikana kwenye /oda, lakini Maven kwa kawaida inaongeza na toleo, unapata oda-1.0-SNAPSHOT.war, halafu unaita /oda unakutana na 404 unaanza kuifumua kodi ambayo haina kosa lolote. Weka finalName kwenye pom.xml jina libaki fupi. Ukitaka ikae kwenye mzizi bila jina lolote, faili liite ROOT.war kwa herufi kubwa hivyohivyo.

Nafuata somo moja la zamani la kutengeneza huduma ya SOAP (inayowasiliana kwa ujumbe wa XML). Mistari ya import javax.jws yote ni myekundu na ile amri ya wsimport haipo. Mradi mwingine wa servlet (klasi ya Java inayojibu maombi ya wavuti) unajengeka vizuri ila kwenye Tomcat 10 kila anwani ni 404, na kwenye logi sioni erori yoyote.

Hayo ni mambo mawili tofauti japo yanafanana. La kwanza, JAX-WS (vifurushi vya Java vya kutengenezea huduma za SOAP) pamoja na wsimport vilikuwa vinakuja na Java yenyewe, vikaondolewa kwenye Java 11 mwaka 2018. Somo lako limeandikwa enzi za Java 8. Havijafa, ila sasa unaviongeza mwenyewe kama laibrari kwenye pom.xml.

La pili ndo linaumiza watu, maana halipigi kelele. Oracle ilipoikabidhi Java EE (mkusanyiko wa vifurushi vya kutengenezea programu za seva) kwa Eclipse Foundation jina likawa Jakarta EE, na kwenye Jakarta EE 9 ya mwaka 2020 vifurushi vyake vikabadilishwa jina, javax.servlet ikawa jakarta.servlet na wenzake hivyohivyo. Tomcat 9 inaelewa javax, Tomcat 10 inaelewa jakarta. Sasa klasi yako ina anotesheni (alama inayoiambia seva anwani yake) ya WebServlet ya javax, Tomcat 10 inaipita tu kama haijaiona, haisajili kitu, hailalamiki, wewe unabaki na 404. Una njia tatu: shuka Tomcat 9, au badilisha import zako ziwe za jakarta, au liweke WAR la zamani kwenye folda ya webapps-javaee (kama haipo itengeneze kando ya webapps), Tomcat 10 italigeuza yenyewe. Mradi mpya anza na jakarta moja kwa moja. Ila angalizo, usifanye Find and Replace ya javax yote kwa mkupuo, maana javax.sql na javax.crypto ni mali ya Java yenyewe na hazikubadilika, utaharibu vilivyo vizima.

Na ukikutana na UnsupportedClassVersionError angalia namba iliyotajwa, 52 ni Java 8, 55 ni Java 11, 61 ni Java 17, 65 ni Java 21. Maana yake umejenga kwa Java mpya kuliko iliyopo kwenye seva. IDE inaweza kuwa na Java yake na teminali ikawa na nyingine, kwahiyo hakikisha kote kote.

Nichague SOAP au REST?

Kama unaunganisha na mfumo wa watu na wamekupa faili la WSDL (linaloeleza huduma yao inaitwaje na inarudisha nini), swali limeshajibiwa, ni SOAP, na hapo IDE inasaidia kweli, unaipa WSDL inakuandikia klasi zote za mteja wewe unabaki kuita mbinu tu. Kama unaanza mwenyewe na watumiaji ni simu na brauza, nenda REST (unaita anwani za kawaida za HTTP) na JSON (data iliyoandikwa kama maandishi mepesi), utaijaribu hata kwa curl, amri ya teminali ya kuita anwani, bila kutengeneza kitu chochote upande wa mteja.

Kwenye kompyuta yangu inajibu, ila app yangu ya simu haiipati kabisa. Nimeandika http://localhost:8080 ndani ya app.

Dada, localhost maana yake ni kifaa hikihiki, kwahiyo app ikiwa kwenye simu inaitafuta huduma ndani ya simu. Weka anwani ya IP ya kompyuta yako kwenye mtandao mliomo wote wawili. Kama unatumia emuleta ya Android iliyomo kwenye kompyuta hiyohiyo, anwani ni 10.0.2.2. Bado haifiki? Angalia seva inasikiliza wapi, ikiwa ni 127.0.0.1 haipokei mgeni yeyote kutoka nje, inatakiwa isikilize 0.0.0.0, baada ya hapo angalia faiwoli. Jambo jingine, ukija kuhamia seva ya Linux kumbuka kule Picha.json na picha.json ni mafaili mawili tofauti, kwenye Windows ulikuwa unasamehewa.

Paswedi ya hifadhidata nimeiweka kwenye application.properties. Si inakuwa salama ikishafungwa ndani ya WAR?

Hapana, na hili naomba ulichukulie kwa uzito. WAR ni zip tu, ifungue kwa programu yoyote ya zip, ingia WEB-INF, halafu classes, utaliona faili lako na paswedi imekaa wazi kama ulivyoiandika. Yeyote atakayeipata WAR ameipata hifadhidata. Itoe iwe variabo ya mazingira: ndani ya Eclipse nenda Run Configurations kuna kichupo cha Environment, kwenye seva ya Linux Tomcat inasoma bin/setenv.sh, faili hilo utalitengeneza mwenyewe maana haliji nalo, na lizuie lisisomwe na kila mtu. Faida nyingine ni kwamba WAR ileile uliyoijaribu kwako ndo unayoipandisha, hujengi upya kwa sababu ya paswedi. Na kama lile faili ulishalipeleka kwenye Git (mfumo unaotunza historia ya kodi), kulifuta leo hakusaidii, historia bado inalo, kwahiyo badilisha paswedi ya hifadhidata yenyewe kwanza kabla hujagusa kodi.