Ujenzi umechelewa: kabla ya kuongeza mafundi, tafuta kinachoishika tarehe

Mkuu, umesema jengo unalosimamia limechelewa wiki tatu, na mwenye mradi anataka mafundi waongezwe mara mbili ili tarehe ya kukabidhi isisogee. Nimesimamia saiti kwa miaka mingi, na ningekuomba usiongeze hata kibarua mmoja kabla hujajua ni kazi ipi inayoishika tarehe hiyo.

Katika kazi zilizobaki, upo mlolongo mmoja wa kazi zinazosubiriana ambao ni mrefu kuliko yote. Siku ikipotea humo, kukabidhi nako kunasogea siku. Kazi za nje ya mlolongo huo zinaweza kuchelewa kiasi na mradi usidhurike. Hesabu hii ilianza mwaka 1957 kwa wataalamu wa kampuni za DuPont na Remington Rand huko Marekani, na kuifanya hakuhitaji kompyuta. Chukua karatasi, andika kila kazi iliyobaki, na mbele yake andika inasubiri nini.

Angalia madirisha ya alumini. Ratiba nyingi huandika "kufunga madirisha, siku nne", basi. Lakini fundi wa alumini makini hapimi mpaka kingo zipigwe lipu, maana sentimita moja tu inamharibia fremu. Lipu inamsubiri fundi umeme achimbe ukuta na kuzika mabomba ya nyaya. Vipimo vikishachukuliwa, kuna kuagiza mali, kukata vioo na kuunga fremu karakanani, na siku zote hizo hazimo kwenye ratiba kwa kuwa saiti haonekani mtu anayezifanya. Dari la jasi na rangi ya ndani navyo vinasubiri jengo lizibwe, mvua isiingie. Ukileta wapaka rangi kumi hapo, watakaa kivulini na utawalipa. Kinachookoa muda ni fundi umeme kuanza na kuta zenye madirisha, lipu ipigwe kwenye kingo kwanza, vipimo vitoke wiki hiyohiyo.

Jambo moja usilikubali kabisa: kufidia muda kwa kung'oa mapema miti iliyoegemeza zege. Kipimo cha kawaida cha nguvu ya zege ni cha siku 28, na siku ya kung'oa anaisema mhandisi. Hapo kuna roho za watu.

Ukipanga upya, usimuulize fundi idadi moja tu ya siku. Muulize tatu: mambo yakienda vizuri, yakienda kama kawaida, na yakiharibika. Akijibu siku 6, 9 na 18, zidisha ile ya kati kwa 4, jumlisha zote, gawanya kwa 6: unapata 10. Jeshi la wanamaji la Marekani lilikuja na njia hii mwaka 1958 kwenye mradi wa makombora ya Polaris. Akiba ya muda iweke mwishoni mwa ratiba, mikononi mwako. Ukiigawa kwa kila fundi, italiwa yote, hata pale ambapo hakuna kilichoharibika.

Mwenye mradi mwambie wiki hii, usingoje kikao cha mwisho wa mwezi. Nenda na karatasi yako na njia tatu: tarehe isogee, baadhi ya kazi kama uzio zifuate baada ya kukabidhi, au pesa iongezwe pale tu inaponunua muda kweli, mfano kumlipa mwenye karakana afanye zamu ya usiku.

Na usome mkataba. Kama sehemu ya wiki hizo tatu imetokana na michoro iliyobadilishwa au malipo yaliyokwama, mkandarasi anaweza kuwa na haki ya kuongezewa muda, ila lazima atoe taarifa kwa maandishi. Mikataba ya mfano ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, ya mwaka 1999 inampa siku 28 tangu alipojua, au alipopaswa kujua, juu ya tukio hilo. Zikipita, haki hiyo inapotea. Fungua shajara ya saiti leo, tafuta siku michoro mipya ilipofika, uhesabu kuanzia hapo.