Jibu: Mshtakiwa anayejifanya kichaa hugundulikaje?

Mtoa mada kauliza: mtu kaua, kafika mahakamani anaongea peke yake na kutafuna karatasi. Daktari atajuaje kama anaumwa au anazuga?

Mkuu, hapo kuna maswali mawili na watu huyachanganya. Leo anaielewa kesi na anaweza kumweleza wakili wake kitu? Na siku ya tukio, alijua anachofanya na kwamba ni kosa? Anaweza kuwa hoi leo ilhali siku ile alikuwa mzima.

Kwa swali la pili, mahakama za Tanzania huamuru apelekwe hospitali ya akili, wengi Isanga, Dodoma, na sheria inampa daktari siku 42 kuleta ripoti. Muda huo ndio unaowaumbua wanaozuga. Nusu saa mbele ya daktari mtu yeyote ataigiza. Ngoma ni usiku na mchana wodini, wauguzi wakiandika kalala vipi, kala nini, kacheza bao na nani.

Anayezuga hukimbilia vituko na kusahau dalili za ugonjwa ambazo si vituko: uso usio na hisia, kutojali kuoga, maneno yanayoruka hoja hadi hoja bila kiungo. Hilo la mwisho huwezi kuliigiza wiki nzima. Akidai anasikia sauti za watu wasiokuwepo, muulize zinasema nini hasa, zinakuja lini, na yeye hufanya nini zikimsumbua. Za mgonjwa wa skizofrenia (ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo) kwa kawaida huja na kuondoka, naye ana mbinu zake: anafungulia redio, anatembea, anatafuta wa kuongea naye. Za mwongo zipo muda wote, hazieleweki, hazina dawa, na kila amri inayotolewa na sauti hizo lazima aitii. Tena mgonjwa mara nyingi atakukatalia kuwa anaumwa. Huyu mwingine anakutangazia.

Akidai kumbukumbu imepotea, kuna kipimo cha picha 50. Anaonyeshwa, kisha kila moja inawekwa pembeni ya picha mpya, achague aliyoiona. Hata anayebahatisha tu atapata karibu 25. Akipata 17 kushuka chini, majibu anayajua na anayakwepa.

Msikimbilie kuhukumu, lakini. Kuamini amerogwa au ana jini si ugonjwa ikiwa ukoo mzima unaamini hivyo. Shtuka pale ndugu zake wenyewe wanaposema haya ya huyu hatuyaelewi. Anayeona vitu visivyokuwepo bila kusikia sauti, pima malaria, ulizia kifafa na pombe aliyoiacha ghafla. Kukimbia baada ya tukio nako peke yake hakutoshi kuonyesha alijua ni kosa, maana anayeamini anawindwa hukimbia pia. Na wapo wagonjwa wa kweli wanaoongeza chumvi, hao ndio wanaosumbua kuliko wote.

Kwa wanaodhani ni njia ya mkato: mahakama ikikubali, inatamka kwamba kitendo alikitenda ila hana hatia kwa sababu ya ugonjwa wa akili, kisha anawekwa kizuizini bila kutajiwa tarehe ya kutoka.