Penseli na Leso: kwa Mnaoanza Uigizaji Mombasa

Juzi tulikuwa kwenye odisheni, tumepangwa kwenye benchi kama wagonjwa, msichana mmoja wa Kisauni akaniuliza: "Mama, wewe umedumu vipi?" Kabla sijamjibu akaitwa ndani. Basi jibu nalileta hapa, huenda na wengine mwalitaka.

Nilipanda jukwaani mara ya kwanza mwaka 1987. Runinga nchini ilikuwa moja, ya serikali. KTN ilikuja 1990. Kwa hivyo sisi tulilelewa na jukwaa, na jukwaa kwetu lilikuwa Little Theatre Club pamoja na kumbi za shule. Hizo za shule wengi mwazidharau, nami ndizo zilizonilipia kodi ya nyumba. Kitabu teule kikibadilishwa, vikundi huzunguka kukiigiza mbele ya watahiniwa, na hakuna hadhira kali kama ile, maana kitabu wanacho mapajani.

Siku moja tuliigiza *Kigogo*, tamthilia ya Pauline Kea, mimi ni Husda, mke wa mtawala Majoka, nagombana na Ashua ofisini kwa mume wangu. Hasira zikanipanda za kweli, nikaruka ukurasa mzima. Mimi mwenyewe sikujua. Nilichosikia ni kurasa zinachakarika ukumbi mzima, watoto wafunua vitabu kunitafuta, kisha sauti kutoka nyuma: "Mama, umetupoteza!" Mwenzangu hakucheka. Alinishika mkono akasema, "Hebu rudia ulivyoniita nilipoingia." Maneno hayo hayamo kitabuni, lakini yalinirudisha pale pale nilipotoka. Tangu hapo nikipewa mswada, najifunza na mistari ya mwenzangu, si yangu peke yake. Siku moja utamwokoa, na siku nyingine atakuokoa.

Kamera ni jambo jingine. Jukwaani wamwigizia aliye kiti cha mwisho. Kamera iko karibu kama shoga anayekunong'oneza. Mwongozaji wangu wa kwanza wa filamu alinivumilia asubuhi nzima, halafu akaniambia kwa upole, "Mama, mimi si kiziwi." Na joto la hapa mwalijua. Kwa ajili ya sauti, feni huzimwa, friji huchomolewa, madirisha hufungwa. Ukiupata tu mlio wako wa kilio, kunguru wa Mji wa Kale nao wanaanza wao. Wakinyamaza, adhana. Beba kitambaa, na jasho ulibonyeze taratibu. Ukilisugua waondoa poda yote.

Sasa nije kwenye lililonidumisha hasa. Hadithi nyingi za Pwani huandikwa na kuongozwa na watu wanaotoka kwingine, nao wakija Mombasa wanakutafuta wewe kwa ajili ya ulimi wako. Ajabu ni kwamba mswada nao huwa umeshakuandikia ulimi mwingine. Niliwahi kupewa sehemu ya mke wa mtu, kila mstari una "yakhe", neno la kuitana marafiki. Namwambia mavyaa wangu, mamake mume, "Yakhe, chai iko tayari." Jamani! Mwanamke wa Mvita amwite mavyaa yakhe, na usiku alale kwake?

Jingine lilikuwa la leso, yaani kanga. Mimi ni mjane, niko edani, yale maombolezo ya mjane ya miezi minne na siku kumi, na sijatimiza hata wiki. Msimamizi wa mavazi, binti mwema kabisa, akaniletea leso nyekundu, nzuri, mpya. Jina lake, lililoandikwa juu yake: "Hasidi hana sababu." Yeye aliona maua tu. Lakini mtazamaji wa Majengo husoma leso kabla ya kutazama uso, na angejua papo hapo kwamba mjane huyu amtuhumu mtu aliyekaa naye mkekani. Hadithi nzima ingegeuka.

Sikupiga kelele. Mbele ya watu wa taa na sauti humwambii mwongozaji amekosea. Ukimwaibisha, kesho hakuiti, na si kosa lake kwamba hakuzaliwa Kuze. Mswada uombe mapema, usome na penseli, kila mstari usioutaka uuandikie mwingine badala yake, kisha umfuate pembeni akinywa chai. "Hapa mtu wetu angesema 'Masalkheri, mama.' Wasemaje?" Mara nyingi hukubali. Hata leso nyeupe tulipata, ya jirani.

Pesa nitaisema kwa ufupi kwa sababu yaniuma. Kampuni moja ilinilipa kwa siku za kurekodi, na mkataba sikuusoma ukurasa wa mwisho. Tamthilia ikarushwa tena na tena. Majirani wanipongeza kwa kazi mpya nami natafuta ya unga. Soma pale panapotaja marudio. Jiandikishe kwenye chama kinachosimamia haki za waigizaji na wanamuziki. Marehemu Benson Wanjau, Mzee Ojwang' wetu, alichekesha nchi kwa miongo, na bado ilibidi wananchi wamchangie matibabu ya macho kabla ya kufariki 2015.

Yule msichana wa Kisauni, nimeambiwa, sehemu ameipata. Mavyaa wake ni mimi. Mswada tumeletewa jana, na ameandikiwa "yakhe" mara nne. Mimi nimenyamaza. Jumatatu ndiyo siku ya kwanza, nangoja nione kama atakuja na penseli.