Kabla Hujatoa Hela ya Maiki: Ushauri kwa Anayefungua Studio Nyumbani

Vijana wanaotaka kurekodi nyumbani huniuliza wanunue maiki gani. Mimi huwauliza kwanza chumba chao kikoje. Nyumba zetu nyingi hapa Tanga ni kuta za saruji, sakafu ya vigae na madirisha ya kioo. Chumba cha namna hiyo hurudisha sauti kutoka kila upande, na kadiri maiki inavyokuwa nzuri ndivyo inavyoyanasa marudio hayo yote. Simama katikati ya chumba upige kofi moja. Ule mlio mkali unaobaki hewani baada ya kofi ndio utakaousikia nyuma ya kila neno la mwimbaji wako, na hakuna programu itakayouondoa ukaisha kabisa.

Dawa yake ni vitu laini na vinene, viwekwe panapostahili. Wengi hubandika sponji ukutani nyuma ya maiki. Maiki za kuimbia karibu zote husikiliza upande wa mbele, kwa hiyo linaloingia kwa wingi ni lile linalotoka nyuma ya mwimbaji. Simamisha godoro na mwimbaji alipe mgongo, au mweke mbele ya kabati la nguo lililo wazi, halafu utandike zulia au mkeka mnene chini. Zile sponji za sentimita 2 au 3 zinapunguza sauti nyembamba za juu tu. Wimbi la besi la hezi 100 lina urefu wa mita 3.4, na sponji nyembamba haiwezi kulizuia. Ukizijaza ukutani utapata chumba kilichofifia juu huku chini bado kinanguruma, na hicho ni kibaya kuliko ulichoanza nacho.

Chumba kikishatulia, njoo kwenye maiki. Kama unaishi uswahilini, bodaboda zinapita dirishani, jirani ana redio na juu ni bati tupu, chukua maiki ya dainamiki, aina isiyo nyeti sana. Inasikia cha karibu na kuacha mengi ya mbali, haihitaji umeme wa volti 48 unaopelekewa maiki kupitia waya wake, na ikianguka mara nyingi inasalimika. Shure SM58 ipo sokoni tangu 1966 na bado ni chaguo la maana kabisa kwa sauti ya mtu. Tatizo lake ni bandia zilizozagaa. SM58 halisi ina uzito wa gramu 298 hivi, kwa hiyo uliza mizani. Ikiwa nyepesi sana, iache hapo hapo hata kama boksi lake linang'aa. Kuwa na uzito unaofaa hakutoshi kuithibitisha, ila wepesi unatosha kukufanya uondoke.

Kondensa, aina ya maiki iliyo nyeti zaidi, ni tamu. Inatoa pumzi na unyoya wa sauti ambao dainamiki haitoi, na kwa kaswida, kwaya au gitaa la kavu mimi huipenda zaidi. Lakini inataka chumba kilichotulia kweli. Feni lazima izimwe, na mvua ikianza kupiga bati, hakuna kazi hadi ikatike.

Kwenye saundikadi, kile kifaa kinachounganisha maiki na kompyuta, sina maneno mengi: iwe na matundu mawili ya maiki, volti 48 za kondensa, na swichi ya kumsikilizisha mwimbaji sauti yake moja kwa moja bila kupitia kompyuta. Rekodi kwa biti 24, na vilele vya sauti viishie karibu na desibeli 12 chini ya sifuri, yaani chini ya ukomo wa mita. Hakuna faida ya kujaza mita hadi juu. Sauti iliyopasuka haishoneki, ilhali ya chini unaipandisha kwa sekunde moja. Hedifoni ziwe za kufunika sikio lote, la sivyo muziki anaoimbia mwimbaji unavuja na kuingia kwenye maiki.

Sasa matatizo, na hapa ndipo hela nyingi hupotea. Mtu anasikia mvumo, anakimbilia kununua maiki mpya, na mvumo unabaki pale pale. Fuata njia ya sauti kuanzia mdomoni hadi sikioni, na ubadilishe kitu kimoja kwa wakati. Hivi majuzi mwimbaji mmoja alikaa tayari, na kabla hajafungua kinywa spika zikaanza kuvuma kwa chini. Nilishusha geini, kitasa cha kukuza sauti ya maiki, hadi sifuri, mvumo haukupungua. Basi maiki na waya wake hawakuhusika. Nilirekodi kimya kidogo na kukisikiliza kwa hedifoni: kisafi. Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa upande wa kusikilizia tu. Nikachomoa chaja ya laptopu, na spika zikanyamaza papo hapo. Laptopu na spika zilikuwa kwenye soketi mbili tofauti, zikazungushiana umeme kupitia waya wa ethi, ule wa tatu unaoshuka ardhini. Nilivichomeka vyote kwenye ekstensheni moja, nikaweka waya za balansi, zile za jeki yenye mistari miwili myeusi, kutoka kwenye saundikadi hadi kwenye spika. Chaja ikarudi na kimya kikabaki.

Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo mvumo wake ni mzito, wa chini. Kuna watakaokushauri ukate pini ya ethi. Usikubali. Mvumo utaondoka, lakini siku chombo kikipata hitilafu, njia ya umeme itakuwa mkono wa mwimbaji aliyeshika maiki. Heri umwite fundi umeme aangalie kama ethi ya nyumba imefika ardhini kweli, maana nyumba nyingine zina soketi za pini tatu na waya wa tatu haujaungwa popote.

Ukisikia tititi-tititi, ni simu. Ipeleke chumba kingine. Mwimbaji akilalamika kwamba anajisikia kwa kuchelewa, tazama bafa, yaani fungu la sauti ambalo kompyuta hulikusanya kwanza kabla ya kulishughulikia. Sampuli 1024 kwa kiwango cha hezi 48,000 ni kama milisekunde 21 kwa upande mmoja tu wa safari. Sampuli 128 hazifiki 3. Ishushe wakati wa kurekodi, ipandishe wakati wa kuchanganya, kwa sababu ikiwa ndogo na programu zimerundikana sauti itakatikakatika. Na sauti ikitoka sikio moja tu, mara nyingi umerekodi tundu la kwanza kwenye traki ya stereo. Chagua mono, traki ya njia moja.

Sisi wa pwani tuna adui mwingine, unyevu. Kondensa iliyoachwa kwenye stendi msimu wa masika huanza kutoa mlio kama wa mafuta yanayokaangia, na watu huitupa wakidhani imekufa. Mara nyingi ni kapsuli tu iliyonyonya maji. Itoe, iweke kwenye kopo linaloziba vizuri pamoja na vile vipakiti vya punje vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, iache siku kadhaa. Usiianike juani wala kuipulizia hewa ya moto, utaharibu utando wa ndani. Angalia na pini za waya pia, chumvi ya bahari huzishikisha kutu haraka. Ikikauka na pini zikasafishwa na bado inalia, hapo sasa mpelekee fundi.